Barua ya malalamiko: printa zenu za Wi-Fi na karatasi ya maelekezo inayoishia njiani

Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MAELEKEZO YA KUUNGANISHA PRINTA NA WI-FI YA NYUMBANI, NA ADA YA SHILINGI 30,000 YA KUITA FUNDI

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sisi ni mafundi wa kompyuta na mitandao ya majumbani, na tunaandika kwa niaba ya wateja sita wa Sinza, Tabata na Kimara walionunua printa dukani kwenu. Printa zenyewe hatuna ugomvi nazo. Zinachapa vizuri, wino wake unapatikana Kariakoo, na bei inavumilika. Tunacholalamikia ni karatasi ya Kiswahili mnayoitia ndani ya boksi, majibu ya dawati lenu la simu, na fundi wenu anayelipwa shilingi 30,000 kila anapoitwa, kisha anaondoka na kuliacha tatizo palepale.

Karatasi ina hatua tatu: washa printa, bonyeza kitufe cha Wi-Fi mpaka taa ianze kumetameta, kisha bonyeza kitufe cha WPS (cha kuunganisha kifaa bila kuandika nywila) kwenye ruta. Hatua hizo hazina kosa, ila hamkusema kwamba WPS husubiri dakika 2 tu, na mwenye printa chumbani na ruta sebuleni muda huo humwishia njiani. Basi printa inaunganika, ukurasa wa majaribio unatoka. Siku umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inaandika "Offline", yaani printa haipatikani. Dawati linamjibu mteja azime na kuwasha. Ikishindikana, aifute printa kwenye kompyuta na kuiweka upya. Anaiweka upya, inachapa, mpaka umeme ukatike tena.

Ruta ndiyo inayogawa anwani za IP, yaani namba ambazo vifaa hutumia kupatana mtandaoni, kwa vifaa vyote vya nyumbani. Utaratibu huo wa kugawa unaitwa DHCP. Ruta nyingi za majumbani huweka orodha ya mgao huo kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo zikizimika, orodha nayo inapotea. Umeme ukirudi, anayewahi kuomba ndiye anayepewa. Simu ambayo betri yake haikuzimika huwahi. Printa inayoanza kuamka upya huchelewa na kuchukua kilichobaki. Lakini kompyuta ya Windows, ikiwa iliwekewa printa kwa poti ya TCP/IP (njia inayopeleka kazi kwenye anwani moja iliyoandikwa), bado imeshika anwani ya zamani. Kwa mmoja wa wateja hawa, ukurasa wa taarifa za mtandao uliochapwa na printa yenyewe ulionyesha 192.168.1.104, wakati poti ya kompyuta iliandika 192.168.1.101. Anwani hiyo ya 101 sasa ilikuwa ya televisheni. Kompyuta ilikuwa inapeleka mtihani wa majaribio wa darasa la saba kwenye televisheni, na televisheni haichapi.

Hilo ndilo linaloeleza kwa nini simu ya mteja yuleyule ilikuwa ikichapa bila shida. Simu hazishiki anwani ya printa. Kila unapotaka kuchapa, huulizia upya mtandaoni printa iko wapi. Mhudumu wenu alimwambia mteja kwamba, kwa kuwa simu inachapa, basi kompyuta ina virusi. Mteja alilipia kusafishiwa Windows nzima.

Dawa yake ni robo saa ya kazi, na ingetosha upande wa pili wa karatasi yenu ambao sasa mmejaza picha za katriji. Kwanza mteja achape ukurasa wa taarifa za mtandao na kusoma namba ya MAC, yaani kitambulisho cha kifaa kutoka kiwandani, ile yenye herufi na tarakimu 12. Hapa pana mtego: printa yenye tundu la kebo huwa na namba mbili za MAC, moja ya kebo na moja ya Wi-Fi, na ukurasa unazionyesha zote. Inayotakiwa ni ya Wi-Fi. Fundi wenu alipokwenda Tabata aliandika ya kebo, ruta ikahifadhi anwani kwa ajili ya mlango usiotumika, na shilingi 30,000 zikaliwa.

Kisha afungue kivinjari kwenye kompyuta, aandike anwani ya ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, kwa ruta nyingi za laini ya simu ni 192.168.8.1), na kuingia kwa nywila iliyo kwenye stika chini ya ruta. Atafute sehemu ya DHCP na kuifungia MAC ile anwani moja ya kudumu. Ruta nyingine hukubali tu anwani iliyo ndani ya fungu linalogawiwa, kwa mfano kati ya 192.168.1.100 na 192.168.1.200, nyingine hukubali hata iliyo nje. Akishahifadhi, azime printa na kuiwasha, achape tena ule ukurasa na kuhakikisha anwani mpya imeshika. Mwisho, kwenye Windows, aifute printa ya zamani na kuiongeza upya kwa kuandika anwani hiyo yeye mwenyewe, badala ya kuchagua iliyojitokeza kwenye orodha. Inayojitokeza mara nyingi huwekwa kwa poti ya WSD, ambayo huitafuta printa yenyewe bila anwani ya kudumu, na poti hiyo ina tabia ya kuipoteza printa iliyosinzia.

Ikiendelea kusema Offline na huku anwani ni sahihi, aangalie mipangilio ya poti: kuna kisanduku cha SNMP. Windows huitumia SNMP kuuliza hali ya printa, na isipojibiwa huihesabu haipo, hata kama ipo na karatasi imejaa. Kisanduku kitolewe tiki.

Fundi wenu hafanyi lolote kati ya haya ipasavyo. Nyumba mbili za Kimara tulikuta ameandika 192.168.1.105 kwa mkono ndani ya printa, bila kuiambia ruta. Ruta ikaendelea kuigawa 105 kwa kifaa kingine, kwa sababu imo ndani ya fungu lake. Matokeo yake vifaa viwili vina anwani moja: leo printa inachapa, kesho haionekani, keshokutwa simu ya mgeni ndiyo inayokosa intaneti. Afadhali angeiacha kama alivyoikuta. Anayetaka kuandika anwani kwa mkono achague iliyo nje ya fungu, kwa mfano 192.168.1.50.

Jambo la pili ni masafa. Printa hizi zinatumia gigahezi 2.4 tu, lakini boksi limeandikwa "Wi-Fi" na basi. Mwenye ruta inayotoa majina mawili, moja likiishia na 5G (yaani gigahezi 5), anautafuta mtandao wa 5G kwenye kioo cha printa na hauoni ng'o, akidhani ameuziwa mbovu. Mhudumu wenu hulijua hilo, ila huongeza uongo juu yake: humwambia mteja kompyuta nayo ibaki 2.4 siku zote. Si kweli. Kwa kawaida majina yote mawili ya ruta moja ni mtandao mmoja wa ndani. Printa ikiwa 2.4 na kompyuta ikiwa 5, zinaonana. Simu ndiyo inayofaa kuhamia 2.4, tena kwa zile dakika chache za kuunganisha kwa programu yenu.

Kuna pia ruta za kununua mkononi zilizoachwa zichague zenyewe chaneli, yaani vipande vya masafa hayo. Zikiangukia 12 au 13, printa iliyotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida haizioni. Ziwekwe 1, 6 au 11. Aina ya ulinzi wa Wi-Fi kwenye ruta iwe WPA2, kwani WPA3 peke yake inazigomea printa nyingi za aina hii. Na printa isiwekwe kwenye mtandao wa wageni, kwa sababu ruta nyingi huzuia vifaa vya huko visionane na vya wenyeji.

Mteja mmoja wa Sinza ana ruta ya faiba sebuleni na ya pili chumbani, kila moja ikigawa anwani zake. Kompyuta ya sebuleni haitaipata printa ya chumbani hata mkienda mara kumi. Ruta ya pili izimwe DHCP, ipewe anwani isiyogongana na ya kwanza, na kebo iingie kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) badala ya WAN (la kuingizia intaneti). Fundi wenu alikwenda mara tatu: shilingi 90,000.

Tunaomba yafuatayo. Warudishiwe fedha wateja wote sita walioitisha fundi kwa tatizo la Offline, jumla ya safari 11, yaani shilingi 330,000. Boksi liandikwe wazi kwamba printa ni ya gigahezi 2.4 pekee. Karatasi ya maelekezo iongezwe hatua za kufunga anwani. Tuko tayari kuihariri bila malipo. Na fundi asiondoke nyumbani kwa mteja kabla hajazima ruta na printa, akaziwasha na kuchapa ukurasa mmoja kutoka kwenye kompyuta.

Tunasubiri majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Yasipopatikana, wateja hawa watapeleka risiti zao za EFD Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Tumeambatanisha nakala za risiti, kurasa za taarifa za mtandao za printa zote sita, na picha za mipangilio ya ruta kama fundi wenu alivyoiacha.

Wenu,
Mafundi wa kompyuta na mitandao,
kwa niaba ya wateja sita,
Dar es Salaam.