Mama mkwe ameshanunua seti ya dhahabu, nami nimeapa kutoivaa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa Tanga, mwalimu wa shule ya msingi, na nimechumbiwa. Mwenyewe tunapendana na tunasikilizana. Kilichotia moto nyumba zote mbili ni uamuzi wangu wa kutovaa dhahabu wala hariri, si siku ya harusi wala baada yake.

Sijabadili dini wala dhehebu. Wanawake tumehalalishiwa vyote viwili, hilo nalijua na silipingi. Yangu yalianzia kituo changu cha kwanza cha kazi, mkoani Geita. Nilipanga chumba kwa mama mmoja aliyekuwa akifanya kazi mwaloni, kule wanakooshea mchanga wa dhahabu. Jioni alirudi na mchanga uliokwisha kuchujwa, akautia kwenye karai, akamimina zebaki na kuvuruga kwa mkono mtupu. Zebaki huinasa dhahabu. Akishakamua kwa kitambaa hubaki kidonge cheupe kama fedha, na hicho alikichoma kwenye jiko lilelile la kupikia ugali, mtoto yuko mgongoni. Zebaki hupaa na moshi, dhahabu ikabaki. Mvuke ule huingia mapafuni, huharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mjamzito humfikia hata aliye tumboni. Nilipomweleza alinijibu, "Najua, mwalimu. Kesho tutakula nini?"

Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 unaotaka matumizi ya zebaki yapunguzwe, na vipo vyombo vya kuchomea vinavyouzuia mvuke usitoke nje. Pale nilipoishi sikukiona hata kimoja.

Hariri nayo niliiacha baada ya kujua inavyopatikana. Mdudu akishajizungushia uzi wake, huchemshwa au hupigwa mvuke wa moto akiwa mzima humo ndani, asije akautoboa akitoka. Gauni moja la hariri ni maelfu ya wadudu hao. Dada zangu wananicheka, wananiuliza mbona mbu nawaua. Mbu namuua kwa sababu analeta malaria, Shangazi. Huyu wa hariri kazi yake kula majani ya mforsadi tu.

Sasa mama mkwe mtarajiwa ameagiza seti nzima kutoka Dubai: kidani, bangili na vipuli, karati 21, pamoja na vitambaa vya hariri vya kutia kwenye begi la harusi. Nimewauliza masonara wawili watatu hapa mjini kama wana dhahabu isiyopitia zebaki. Hakuna aliyeweza kuniambia hata yake imetoka wapi. Ya mgodi mkubwa, ya mchimbaji mdogo na mkufu mkuukuu wa mtu vikishayeyushwa pamoja, nani atavitenganisha tena?

Mama yangu ndiye anayenitoa machozi. Ada yangu ya chuo cha ualimu ilitokana na bangili zake. Alizivua moja baada ya nyingine na kuzipeleka kwa sonara, baba akiwa hana kazi. Ananiuliza, "Wewe mwanamke usiye na dhahabu, ukiachika utatoka na nini?" Kwa wanawake wa kwetu dhahabu ndiyo benki, tena benki ambayo mume hana saini nayo. Nikiikataa naonekana natukana jasho lake. Na shangazi zangu wameshaanza kusema kwamba naolewa bure kama sina wenyewe.

Mchumba wangu amenishauri kwamba mahari ni haki yangu, basi nitaje kitu kingine chenye thamani. Nimefikiria kiwanja chenye hati kwa jina langu. Baba ameridhia. Mama anasema kiwanja hakivaliki, na watu siku ile watatazama shingo.

Halafu kuna kidani cha marehemu bibi. Mama anaomba nivae hicho tu, kwa kuwa ni cha zamani na hakuna atakayechoma zebaki upya kwa ajili yake. Nusu ya moyo wangu inakubali. Nusu nyingine inaona kwamba wasichana watakaonitazama hawatajua ni cha bibi. Wao watatamani kama changu, na kitatafutwa kipya.

Naomba unishauri. Mama mkwe nimwendee mwenyewe au nimtume mchumba wangu, maana seti ameilipia na sitaki aone nimeikataa mikono yake? Kidani cha bibi nikivae au nikiache kabatini? Na mama nimwambie maneno gani ajue kuwa bangili zake nazithamini? Begi linaletwa baada ya Idi, kwa hiyo nitashukuru ukinijibu mapema.

Wako,
Mwalimu, Tanga