Petunia zangu za barazani

Makunduchi, 6 Julai

Shoga yangu Zuwena,

Assalaamu alaykum. Natumai nyote hamjambo huko Wete. Sisi wazima, kusi linavuma na alfajiri tunajitanda shuka.

Umeniuliza habari za petunia zangu, yale maua ya kutambaa. Nakwambia kweli, mwaka jana nusura niziache. Nilizipanda chini, kwenye udongo wetu huu wa maweni, nikazimwagilia maji ya kisima. Zikashika, mara majani machanga yakawa manjano, mishipa tu ndiyo iliyobaki kijani. Nikadhani zina njaa, nikazidisha samadi, wapi! Kumbe chokaa. Mawe yetu na maji yanayopita humo yamejaa chokaa, na hapo petunia haiwezi kufyonza madini ya chuma, hata yakiwemo ardhini.

Nikaagiza kinongo, ule udongo mwekundu, kutoka kwa shemeji yangu Kizimbani, nikakichanganya na samadi iliyooza na vumbi la makumbi. Makumbi yetu huzikwa pwani, kwa hiyo vumbi lile nililisuuza mara tatu kutoa chumvi. Nikajaza ndoo kuukuu nilizozitoboa chini, na maji nikawa natia ya mvua niliyoyakinga masika. Majani mapya yakatoka kijani kibichi, nikamshukuru Mungu.

Kwako maweni si tatizo, ila usizipande pale ulipovuna nyanya. Ni ukoo mmoja, na maradhi yao ni mamoja. Zipate jua masaa sita au zaidi, na maji mwagia shinani, asubuhi.

Kilichonipa tabu zaidi ni kukata. Zikirefuka, katikati hubaki vijiti vitupu, maua yote yako nchani. Hapo unakata nusu nzima, maua na yote. Mara ya kwanza nilishika mkasi nikaurudisha ndani. Siku ya pili nikakata, na haikupita wiki, kwenye kila fundo vikachomoza vichipukizi kama punje za mchele, ukivigusa vinanata vidoleni. Sasa hivi ndoo hazionekani kwa maua.

Mbegu zake hazifanani na mama, ndiyo maana nakupelekea vipandikizi. Mwanangu anapanda meli Ijumaa, nimevifunga kwa kitambaa kimaji. Ukivipokea tu, toa majani ya chini, vichomeke kivulini kama wiki mbili mpaka vishike mizizi.

Nimekutilia na ile ya zambarau, inanukia magharibi ikiingia. Itundike karibu na dirisha la bibi, na umpe salamu zangu nyingi.

Wako,
Mwanaisha