Risala ya walimu wa shule za msingi za kata yetu kwa Mgeni Rasmi, siku ya kufunga mafunzo ya jumuiya za ujifunzaji, Uwanda wa Makonde, Mtwara

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Afisa Elimu Kata,
Mheshimiwa Diwani, wenyeviti wa vijiji, wazazi na walimu wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Barabara umeiona mwenyewe, hatuna haja ya kuieleza.

Ndugu Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ilipotufikia, kila moja ya shule zetu sita iliunda jumuiya ya ujifunzaji, yaani kikundi cha walimu wanaokaa pamoja kujifunza kazi yao. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, ulitukuta tumekwisha zoea kukaa pamoja. Mengine yamo kwenye taarifa uliyokabidhiwa.

Mafanikio ni makubwa mno. Siku hizi mwalimu anamkaribisha mwenzake darasani bila kuhisi anachunguzwa. Mwenzake hukaa nyuma na karatasi aliyochora madawati, akitia alama kila mtoto anapoulizwa swali. Kwa karatasi hiyo, mwalimu wetu mmoja wa darasa la pili aligundua kuwa kipindi kizima aliwauliza watoto wa mbele tu; wa dirishani hawakuguswa hata mmoja. Mwingine alihesabiwa muda: akiuliza, mtoto hajavuta pumzi, keshajibu mwenyewe. Sasa anasubiri, na mikono inanyooshwa. Tunathubutu kusema mkoa mzima uje kujifunza hapa.

Zamani aliyekuja kututazama aliandika "mwalimu aboreshe mbinu", akasaini kitabu cha wageni, akapanda pikipiki. Mbinu ipi, hatukuambiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, sasa tuje kwenye jambo lenyewe, nalo ni Kituo cha Walimu.

Kumtazama mwenzako ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kukaa mkazungumza kabla hamjasahau, kisha kulifundisha somo lile upya. Katika shule yenye walimu wanne, anayefundisha hisabati darasa la tatu hana wa kuzungumza naye; mwenzake yuko shule ya jirani. Wakutane wapi? Jengo la kituo lipo. Kuta tulizisimamisha kwa nguvu za wananchi, mwaka ambao korosho ilikuwa na bei. Upande mmoja umeezekwa, na huo ulioezekwa umegeuzwa stoo ya salfa, dawa ya mikorosho. Salfa hailoi, Ndugu Mgeni Rasmi. Walimu ndio wanaoloa. Vikao vyetu vya kata hufanyika chini ya mwembe, na mvua zikianza Desemba vinasimama. Moduli za kujisomea zimo mtandaoni, tunachangishana bando na kuzisoma watu watano kwenye simu moja.

Mwaka juzi, mgeni rasmi aliyekaa kiti hicho alituahidi bati na saruji. Tulipiga makofi, picha tunayo. Mwaka jana mgeni mwingine aliahidi kufuatilia ahadi ya yule wa kwanza. Naye tulimpigia makofi. Hatulaumu mtu, pengine lori liko njiani.

Ombi letu ni bati 60, mifuko 40 ya saruji, milango miwili, na salfa itafutiwe makao mengine. Mafundi ni wazazi, mchanga tumekwisha kusomba. Kompyuta hatuombi kwa leo, maana tutaiweka wapi? Pia tunakuomba kwa heshima zote, utakaposimama kutujibu, ututajie tarehe. Katibu amekaa hapo mbele na daftari.

Mwisho, tumekuandalia korosho zilizobanguliwa na kina mama wa hapa kijijini. Waliokutangulia walipewa kilo tano. Wewe tunakupa mbili, tatu zilizobaki tumezihifadhi hadi siku ya kuezeka.

Tunaomba kuwasilisha.