Ile damu waliyokutoa

Mwanangu,

Salama? Huku Tanga tuko wazima, bibi yako anakusalimia sana. Nakuandikia kwa sababu juzi kwenye simu uliponiambia huko jeshini Marekani wamewatoa damu kidogo wakaitia kwenye kadi ya kuhifadhiwa, "eti mama ni ya kututambua tukifa", ukacheka, mi nikanyamaza ukadhani netiweki imekata. Haikukata. Nilikosa la kusema.

Basi nikamwambia Mwanaidi wa shangazi yako anitafutie hizo habari za wanajeshi wa Marekani wanaokuja kutambuliwa miaka na miaka baada ya vita, akanisomea ya kijana mmoja Michael Blassie, rubani, kwao St. Louis, na tangu hapo hanitoki kichwani.

Alikuwa na miaka 24 tu. Tarehe 11 Mei 1972 ndege yake ikatunguliwa karibu na mji wa An Loc huko Vietnam, wenzie wakashindwa kumfuata maana eneo lote lilishikwa na adui. Oktoba ndo askari wa Vietnam Kusini wakafika pale wakaokota mifupa sita, nguo ya urubani imechanika, mabaki ya parashuti, kimtumbwi cha mpira cha kujiokolea, na pochi yenye kitambulisho chake. Kitambulisho baba! Halafu huko njiani pochi ikapotea na kitambulisho chake, hakikuonekana tena. Mifupa ikafika maabara imeandikwa inaaminika ni Blassie, na kwao wala hawakuambiwa kwamba kuna kitu kimepatikana.

Mwaka 1980 wataalamu wakapima wee, wakasema urefu haulingani, kundi la damu halilingani, jina wakalitoa wakaandika X-26. Sasa 1984 serikali ilikuwa inatafuta askari asiyejulikana wa vita ya Vietnam wa kuzikwa Arlington, makaburi ya wanajeshi wao, kwenye lile kaburi linalolindwa usiku na mchana, wakambeba huyohuyo X-26, Rais Reagan mwenyewe akasimama pale kwenye mazishi na nchi nzima ikaangalia. Na mama mtu yuko hai St. Louis, anajua mwanawe kabaki porini Vietnam! Hapo nikamwambia Mwanaidi asubiri kwanza. Huku kwetu hata maiti ikitupwa ufukweni haijulikani ya nani, watu watatangaza msikiti hadi msikiti, watapiga simu Pangani, watapiga Pemba, wakikosa kabisa ndo wazike. Hao jina walikuwa nalo mkononi jamani.

Miaka 14 kakaa pale, maua na gwaride kila siku, jina hana. Familia ikaja kusikia fununu, wakakomaa, televisheni nazo zikalivalia njuga, Mei 1998 kaburi likafukuliwa ili wapime DNA. Damu waliyolinganisha nayo ni ya mama yake na dada yake. Mwanaidi si anasomea maabara, kanieleza kuna DNA ambayo mtoto anaipata kwa mama peke yake, baba hachangii kitu, na kwa vile kwenye seli moja zinakuwa nyingi mno, hata mfupa wa zamani unaweza kutoa. Ikalingana. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo wakamzika kwao St. Louis, jina lake juu ya kaburi. Baba yake alishatangulia, hakuiona siku hiyo.

Pale Arlington ile sehemu ya Vietnam iko tupu mpaka leo, wameamua hawamweki mtu tena. Na hizo kadi zenu za damu walianza kuzikusanya miaka ya 90 mwanzoni, ili mtu asiishie kuitwa X na namba. Ndo nimeielewa sasa. Baba yako anasema kumwandikia mtoto mambo haya yuko kazini ni uchuro, nimemjibu uchuro ni huko kunyamaza kwake.

Sasa nisikilize. Ile fomu uliyojaza ya ndugu wa kuarifiwa, namba yangu uliyoweka ni ile ya zamani, haipo hewani tangu nilipoibiwa simu stendi. Weka hii mpya, na ya mjomba wako chini yake. Jina langu liandike kama lilivyo kwenye cheti chako cha kuzaliwa, usiniandike Mama Salum, huko nani anamjua Mama Salum? Na dada yako Zuhura naye mwandike, maana hiyo DNA ya kwangu na yeye anayo, mimi nikiwa sipo yeye yupo. Siku wakitaka na damu yangu waje, sindano siogopi mie.

Ukishairekebisha hiyo fomu nitumie picha niione kwa macho yangu, usiniambie tu "tayari mama", nakujua.

Mama yako