Mwanangu, muiteni acheze

Mama, marahaba. Voisi yako nimeisikia kwenye simu ya mama mdogo, nashukuru homa imeisha, sketi ya shule tutaongea mshahara ukitoka. Leo nakuandikia sababu kuna jambo mama mdogo kanieleza na usiku usingizi haukuja.

Anasema jioni mkicheza rede pale nyuma ya nyumba, yule binti aliyehamia na bibi yake hamumchezeshi. Anakaa kwenye ngazi karibu na bomba anaangalia, mpira ukidumbukia mtaroni yeye ndo anakimbia kuutoa, anaufuta kwa gauni lake anawarushia, afu anabaki kusimama pembeni ya mstari labda ataitwa, na anayemwambia timu imejaa ni wewe. Juzi mkamwita mkimbizi, mkacheka wote. Hakulia. Alirudi kwenye ngazi akaendelea kuwahesabia.

Nakujua, nimekuzaa mimi. Kabla hajaja wewe ndo ulikuwa hupigwi na mpira, unajaza chupa mchanga mpaka juu na wenzio wamechoka kurusha. Kaja yeye, kaijaza haraka kuliko wewe, watoto wakampigia makofi, roho ikakuuma. Kuumia sikukatazi mwanangu, wivu unamjia kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Ila we ukatafuta kitu cha kumtolea uwanjani, na ukakiona kwenye kwao.

Sasa kwao nikwambie. Mama mdogo kaongea na bibi yake, wanatoka Ulyankulu, Tabora. Mwaka 1972 Burundi yalitokea mauaji makubwa, watu wengi mno wakavuka mpaka kuja kwetu na serikali ikawapa ardhi porini, Ulyankulu hapo, na Katumba na Mishamo ambako siku hizi ni mkoa wa Katavi. Bibi yake alivuka akiwa mtoto, pengine mdogo kuliko wewe. Walifyeka lile pori wakalima mahindi, mihogo, tumbaku, wakazaa wakajukuu humohumo, na mwaka 2014 zaidi ya 160,000 kati ya watu hao wa mwaka 72 na watoto wao wakapewa uraia wa Tanzania. Yani huyo mnayemwita mkimbizi hajawahi kukimbia popote, kazaliwa Tabora, na mama yake kazaliwa Tabora.

Lakini hata angekuwa kavuka mpaka jana usiku na kifurushi kichwani, bado ni mtoto wa darasa la tano anataka kucheza rede. Hili ndo nataka ulishike kuliko hayo mengine yote, maana kesho anaweza kuja mwingine ambaye kweli kavuka jana.

Na kinachoniuma zaidi ni wale wadogo. Hawana ugomvi naye hata kidogo, wanamkataa sababu dada yao kamkataa, wakikuona umemwita watamwita wote, hiyo nguvu unayo na unaijua.

Kwa hiyo jioni ya leo usingoje aombe. Mwite kwa jina lake, kwa sauti, wenzio wasikie, aingie katikati ajaze chupa. Na lile neno la mkimbizi umuombe msamaha wewe mwenyewe, usimtume mtu. Anaweza akakununia, au akasema hataki, ana haki yake kabisa, mwite tena kesho na keshokutwa. Akikushinda utaumia tena, najua, basi umia mama, afu nipigie usiku unilalamikie mimi, hata saa nne ntapokea.

Mama mdogo nimemtumia hela kidogo mnunue soksi na sponji mshone mpira mwingine, huo umeshachanika. Na huyo binti mwite mje mshone wote, bibi yake anasema ana mkono mzuri wa kushona.

Nisalimie wote hapo nyumbani. Nakupenda sana.

Mama yako, Dodoma