Malalamiko: kaseti ya Pokémon Silver mliyoniuzia, betri imebandikwa kwa selotepu

Habari za kazi ndugu zangu wa dukani,

Nawaandikia kuhusu kaseti ya Pokémon Silver, ile gemu ya Game Boy ya kukamata na kulea wanyama, niliyonunua kwenu mwezi uliopita kwa 85,000, ile mliyoiposti mkaandika "betri mpya, inasevu vizuri kabisa". Nimeshawatumia meseji mara tatu kuwa gemu iliyosevu imefutika. Mara ya kwanza mkasema nizime niwashe, mara ya pili nisafishe meno ya kaseti kwa pamba na spiriti, nikafanya, mara ya mwisho ndo mkanijibu eti gemu za zamani ndivyo zilivyo, kosa ni la gemu sio la duka. Hilo jibu ndo limenikalisha chini niandike barua nzima, kwa sababu hii gemu naijua tangu nipo shule na makosa yake nayajua, na hili sio lake.

Nilimnunulia mwanangu, ana miaka 11. Game Boy Color, ile mashine ya mkononi ya kuchezea, ninayo mpaka leo, mjomba aliniletea kutoka Muscat, na nilitaka mtoto aonje kitu nilichokipenda mimi. Alichagua Cyndaquil, yule mdogo anayewaka moto mgongoni, akampa jina Kibatari. Nyie mnaouza hizi gemu sijui kama mnazicheza, ila utamu wake ndo huo, mnyama unamkuta hana chochote, unampa jina, unamlea, mnapigwa pamoja, na akikua unajua umemkuza wewe. Kwa Whitney, mmoja wa mabosi wa kupigana nao, alikwama kama tulivyokwama sisi wote, yule ng'ombe wake Miltank ana lile pigo la Rollout, kila likirudi nguvu imeongezeka maradufu. Mtoto kapigwa mara sita jioni moja. Kesho yake akaja mbio jikoni kuniambia ameshinda, kumbe hapo hapo mjini Goldenrod kuna mtu anapokea mnyama Drowzee anakupa Machop, na Machop ni wa aina ya wapiganaji, ambao Miltank hawawezi, akamtumia huyo. Hakuna aliyemwambia, kafikiri mwenyewe, mimi nilifurahi kuliko yeye.

Halafu ikaja habari ya Lapras, mnyama wa majini. Hii gemu ina saa ndani, ukicheza usiku na huko ni usiku, bundi Hoothoot wanatoka, na Lapras anaonekana kule chini kwenye pango la Union Cave siku ya Ijumaa tu. Basi mtoto akaisubiri Ijumaa wiki nzima, akatoka msikitini, akala mbio mbio, akakaa barazani kwenye mwanga maana kioo cha Game Boy Color hakina taa, akamkamata. Akamwita Jahazi. Alisevu mbele yangu, nimeona kwa macho yangu.

Jumamosi asubuhi anawasha, CONTINUE, ile ya kuendelea pale uliposevu, haipo. Kuna NEW GAME na OPTION basi. Wiki tatu zimekwenda, Kibatari kaenda, Jahazi kaenda. Hakulia, alinipa tu mkononi akasema "mama, Jahazi hayupo", na mimi nikakosa cha kumjibu.

Nikampelekea fundi simu wa hapa mtaani. Ile skrubu ya nyuma ina kichwa cha ajabu, bisibisi zake zote zilikataa, ikabidi ayeyushe mkia wa kalamu ya plastiki aukandamize pale mpaka ukashika umbo ndo akafungulia. Ndani tukakuta betri CR2025, ni mpya kweli, sikatai, ila haijachomelewa kwa risasi hata upande mmoja. Mmeng'oa ya zamani mkaacha vile vibati viwili, mkachomeka mpya katikati mkazungushia selotepu, ile ile ya kufungia zawadi. Fundi aliigusa kwa kucha ikacheza. Na kwenye kaseti hizi kumbukumbu yote inaishi kwa umeme wa hiyo betri, mguso ukikatika kidogo tu, mtoto kaiweka mezani kwa nguvu au imetikisika kwenye begi, kila kitu kinafutika.

Sasa mkiniambia kosa la gemu, ngoja niwaambie makosa ya gemu. Wanyama wa porini wanabaki wadogo mno, bosi wa nane Clair ana Kingdra wa leveli 40, mwisho kabisa unamkuta mpinzani wa mwisho anaitwa Red, ana Pikachu wa leveli 81, hapo katikati huna pa kujinolea, unarudia mapambano yale yale mpaka unachoka. Wanyama Houndour, Murkrow na Slugma ni wapya kabisa wa gemu hii lakini huwapati mpaka umalize ligi, yale mapambano ya mabingwa, uvuke kwenda nchi ya pili, Kanto. Boksi likijaa wanyama 20 huwezi kukamata tena mpaka utafute kompyuta ubadilishe boksi mwenyewe, hii imeshanikera sana. Mnyama Haunter hakui kuwa Gengar bila kubadilishana na mwenzako mwenye Game Boy yake na waya wa kuziunganisha. Na ndiyo, hata betri ni kasoro ya gemu kwa sehemu yake, ile saa inatembea hata ukiwa umezima kwa hiyo inaila betri haraka kuliko gemu iliyotangulia, Pokémon Red, ambayo haina saa. Gemu ilitoka kwanza Japani 1999, betri kufa ni haki yake. Mngeandika "betri imekufa" ningeinunua hivyo hivyo, ningempa fundi aiweke vizuri, na mtoto asingeanza kucheza kabla. Nyie mmeandika inasevu.

Ninachotaka ni hiki, mnirudishie 85,000 yangu pamoja na 5,000 niliyompa fundi, au mnipe kaseti nyingine ambayo betri yake imechomelewa, na muifungue mbele yangu nione. Picha nimepiga na selotepu nimeihifadhi. Halafu zile kaseti za Gold na Crystal, ndugu za hii Silver, mlizoposti wiki hii tafadhali zifungueni zote kabla hamjamuuzia mtu, kama mmezitengeneza kwa mkono ule ule kuna watoto wengine watawasha asubuhi wakute NEW GAME.

Kaseti bado ipo kwa fundi. Mtoto anataka kuanza upya na nimemkatalia mpaka mnijibu.

Mteja wenu,
Mama wa Temeke