Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: pasi ndefu katika vyuo vya kati

Mheshimiwa Waziri,

Salaam. Mimi ni mkufunzi katika chuo cha kati cha afya. Nakuandikia kuhusu kitu ambacho wanafunzi wangu wanakiita pasi ndefu: asubuhi chai na chapati moja, mchana unajifanya una shughuli, unakula usiku. Muhula ukikaribia kuisha, hata ile chapati inakosekana.

Kwa miaka kadhaa, wanaosinzia kipindi cha saa nane nilikuwa nawaandika "mzembe". Kisha mmoja wao akaanguka wodini, kwenye mafunzo kwa vitendo, mbele ya wagonjwa. Alipozinduka nikamuuliza amekula lini. "Jana mchana, mwalimu." Alikuwa na sapu mbili, yaani mitihani miwili ya kurudia, na mimi nilishamwandika mzembe mara tatu.

Najua tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada. Tunashukuru. Lakini ni fani za kipaumbele tu, na hata humo wengi hawapati. Mwenzao wa chuo kikuu mwenye mkopo kamili ana shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa siku, naye analalamika! Wa kwangu anasubiri Mangi, mwenye duka, amkopeshe unga.

Wengi wa vijana hawa wametoka bweni la serikali. Kule ugali na maharage vilikuwepo kila siku, vya kuchosha, lakini vilikuwepo. Anamaliza kidato cha nne, anakuja kwetu kupanga geto. Wazazi ni walewale, mfuko uleule. Ada imepanda, sahani imeondoka.

Sikuombi bumu, yaani mkopo wa kujikimu, kwa kila mtu. Naomba waraka: kila chuo cha serikali kiwe na jiko linalouza mlo wa mchana kwa gharama halisi, bila faida ya mzabuni, na mlo huo ulipiwe pamoja na ada. Mzazi akishauza mpunga anaweza kulipia muhula mzima. Akibaki kutuma elfu tano tano kwa simu, zinaishia kwenye nauli na kutoa kopi. Vyuo vyenye eneo vilime pia. Chetu kina ekari kadhaa za majani, ambayo kazi yake ni kufyekwa na wanafunzi wenye adhabu.

Jiko la zamani tunalo, limejaa viti vibovu. Waraka ukitoka leo, kesho tunavitoa.

Mkufunzi, chuo cha kati